Ile ya Kwenye Gari Je?

Haya, mnanisikia vizuri? Leo nipo ndani ya gari, nimeegesha nyuma ya kazini, nje baridi inakata masikio. Nina dakika ishirini hivi kabla zamu haijaanza, kwa hiyo hakuna mapambo, tunaenda moja kwa moja.

Video iliyopita nilipita na kamera kwenye lile duka linalouza chambo cha samaki, makoti ya kuwindia na bastola, vyote kaunta moja. Mmeuliza maswali mpaka nimechoka kusoma. Moja limenikaa kichwani, la mdogo wangu mmoja wa Morogoro: "Dada, hivi huko bastola inasajiliwa kama huku, au mtu ananunua kama vitumbua?"

Mdogo wangu, sio vitumbua. Lakini kusajiliwa nako, mh, ngoja nikueleze.

Mimi nakaa Marekani, jimbo la Pennsylvania. Ukitaka bastola dukani hapa unajaza fomu ya serikali kuu, inaitwa 4473. Jina lako, unakaa wapi, umewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa, unatumia bangi, na wewe ndiye mnunuzi mwenyewe au umetumwa na mtu. Muuzaji anawasiliana na polisi wa jimbo, wanaangalia rekodi zako, mara nyingi ni suala la dakika. Ukiwa safi, unalipa, unaondoka nayo kwenye mfuko. Barua ya mwenyekiti wa mtaa hakuna, kamati ya ulinzi na usalama kukujadili hakuna. Baba yangu mdogo aliwahi kuomba kumiliki bunduki kwa ajili ya duka lake la jumla, faili likapita meza baada ya meza, mwisho akaona bora afuge mbwa. Wanne. Wapo mpaka leo.

Sasa, usajili. Sheria ya Pennsylvania inakataza serikali kuwa na daftari la wenye silaha. Wakati huohuo, polisi wa jimbo wanatunza kumbukumbu za bastola zinazouzwa madukani: nani kanunua, ya aina gani, namba gani imechongwa kwenye chuma. Wapenzi wa bunduki wakaenda mahakamani wakasema hilo si ndilo daftari lenyewe, mmelibadilisha jina tu? Mwaka 2004 mahakama ya juu kabisa ya jimbo ikawajibu kwamba hapana, hizi ni kumbukumbu za mauzo, si daftari la wamiliki.

Niliposoma hiyo mara ya kwanza nilicheka peke yangu jikoni. Nikaona wanasheria wanacheza na maneno. Siku hizi sicheki, na sababu nitawaambia.

Kwanza mjue kila jimbo lina lake. Hawaii silaha zote zinasajiliwa polisi, na ukihamia kule na bastola yako una siku chache tu za kwenda kuiandikisha. California ukihamia nayo una siku 60 za kutoa taarifa. Florida ndiyo kinyume kabisa: tangu 2004 ni kosa kwa ofisi ya serikali kutengeneza orodha ya wenye bunduki, na faini inaweza kufika dola milioni 5. Sikilizeni vizuri hapo, anayepigwa faini ni serikali!

Na serikali kuu? Mwaka 1986 Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayozuia daftari la nchi nzima. Kwa hiyo bastola ikiokotwa penye mauaji, hakuna mtu wa kubofya kompyuta akakwambia ni ya fulani. Namba inapelekwa kwenye ofisi moja iko Martinsburg, West Virginia. Wale wanampigia mtengenezaji: hii mlimuuzia nani? Anataja msambazaji. Msambazaji anataja duka. Duka linafungua makabati na kuitafuta ile fomu. Duka likiwa limefunga biashara, makaratasi yake yalishapelekwa Martinsburg kwenye maboksi, na huko yanapigwa picha, lakini kuyatafuta kwa jina la mtu kwenye kompyuta hairuhusiwi. Mtu anakaa anapekua, ukurasa baada ya ukurasa. Nchi ambayo simu yako inajua jana ulikula nini!

Nikidhani hilo ni wazimu mtupu, nina mzee mmoja namhudumia. Nyie mnajua kazi yangu, kuogesha wazee, kuwapa dawa, kusikiliza stori. Huyu alikuwa mchimba makaa ya mawe, ana bastola ya marehemu baba yake kwenye kabati la vyombo, juu ya sahani za Krismasi. Nikamuuliza, babu, ukiambiwa uiandikishe? Akaniambia New York City walianza kuandikisha bunduki ndefu mwaka 1967. Watu watiifu wakaandikisha. Mwaka 1991 jiji likapiga marufuku aina fulani, na wale waliokuwa kwenye orodha wakaletewa barua: isalimishe, iharibu isifyatue tena, au itoe nje ya jiji. "Barua ilimfuata aliyetii," babu akasema. Nikaenda kusoma nikijua ananipiga kamba. Kumbe ni kweli.

Na si hilo tu. Desemba 2012 gazeti moja la New York lilichapisha ramani yenye majina na anwani za wenye vibali vya bastola katika wilaya mbili za jimbo hilo. Mwizi anajua pa kwenda, na mwanamke aliyemkimbia mumewe naye anwani yake ipo hadharani. Mwaka 2022 California, ofisi ileile ya serikali inayotunza kumbukumbu, ilivujisha mtandaoni taarifa za watu wapatao 192,000 walioomba vibali vya kubeba bastola. Kwa hiyo mtu akikwambia haiamini serikali na jina lake, usimwone mshamba.

Halafu kuna lile tunalolisema wote, kwamba jambazi hasajili. Hapa lina mpaka hukumu yake. Mwaka 1968 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Haynes, ilisema mtu asiyeruhusiwa kuwa na silaha hawezi kuadhibiwa kwa kutoisajili, maana kumlazimisha aisajili ni kumlazimisha ajitaje mwenyewe kuwa mkosaji. Jambazi wa wakati huo akapata kinga, raia mwema akabaki na foleni. Mwaka 2019 hapa Pennsylvania ulipoletwa mswada wa kuandikisha kila bunduki kila mwaka kwa dola 10, watu walipiga kelele mpaka makanisani, na mswada ukafia njiani.

Mimi ningeishia hapo, nikaungana na babu. Ila mwaka juzi nilimsindikiza dada mmoja mahakamani. Ni wa kwetu, anazungumza Kiswahili, mengine nayaacha. Alikuwa anaomba amri ya kumzuia mumewe asimkaribie. Mumewe alishamwekea bastola kichwani mbele ya watoto.

Amri ikatoka. Na sheria ya jimbo hili, iliyoanza kufanya kazi 2019, inasema amri kama hiyo ikishatoka mwanamume anasalimisha silaha zote ndani ya saa 24. Zote. Bwana akaleta moja, akapewa risiti, karatasi ikawekwa kwenye faili. Tumekaa kwenye benchi la korido, dada kashika ule mkoba wake wa nguo za mtoto, akaniegemea akaninong'oneza: "Ile ya kwenye gari je?"

Nikamuuliza ipi. Ya chini ya kiti cha dereva. Alinunua walipokuwa wanakaa Ohio, kabla hawajahamia huku.

Nikamwendea ofisa nikamtafsiria. Hakuwa mtu mbaya, aliandika. Lakini angeiona wapi? Kumbukumbu za mauzo za Pennsylvania hazijui kilichouzwa Ohio, na Ohio hawana daftari lolote. Bwana alipoulizwa akasema hana nyingine. Kwenye karatasi alikuwa anasema kweli. Siku hiyo ndiyo nilielewa majaji wa 2004 walimaanisha nini. Orodha ya mauzo inajua nani alinunua hapa. Aliyenayo leo ni habari nyingine.

California wanafanya tofauti. Tangu 2006 wana mfumo unaolinganisha orodha ya wenye silaha na orodha ya waliopigwa marufuku, kama huyo bwana, na majina zaidi ya 20,000 yamo humo. Hawajawafikia wote, mbali sana, foleni ni ndefu. Lakini polisi anapogonga mlango anajua anafuata ngapi.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Morogoro, ukiniuliza mimi, nasema majimbo yasajili bastola. Sio kwa ajili ya jambazi, huyo kweli hasajili. Ni kwa ajili ya huyu ambaye jana alikuwa raia mwema na rekodi yake safi. Na orodha ifungwe kwa sheria kali kama ya Florida: akiivujisha mtu, alipe. Babu nilimwambia hivyohivyo. Akasema nimekuwa Mmarekani, nabishana mpaka kwenye uji.

Na nyie mliofika juzi, msidanganywe kwamba mgeni anaruhusiwa tu. Mwenye viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika ya rafiki, hata uwanja wa shabaha. Uliza mwanasheria kabla hujapiga picha ya kutuma nyumbani.

Dada yule alihama mji. Siku tunatoka mahakamani lile gari lilikuwa limeegeshwa ng'ambo ya barabara. Ofisa alisoma namba ya gari, akaiingiza kwenye kompyuta yake, na kabla sijafunga zipu ya koti akawa ameshanitajia rangi yake, mwaka wake, na jina la mwenye gari.

Saa imefika, naingia kazini.