Mbio Zinazoamuliwa Kwenye Njia Panda: Kuandaa na Kushiriki Orientiringi ya Baiskeli

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie orientiringi ya baiskeli za milimani, na hasa namna klabu ndogo inavyoweza kuandaa mbio zake yenyewe. Neno langu kuu nalisema mapema: mchezo huu unaamuliwa kwenye njia panda. Anayeandaa ana kazi ya kuuliza maswali ya haki, na anayeendesha ana kazi ya kuyajibu kabla hajafika penye swali. Vibendera, chipu (kile kifaa kidogo anachobeba mwendeshaji kurekodi vituo alivyopita), jedwali la matokeo, vyote vinatumikia hilo.

Kwa wageni nieleze kidogo. Unapofika mstari wa kuanzia unapewa ramani. Juu yake kuna miduara yenye namba, imeunganishwa kwa mistari iliyonyooka. Kila mduara ni kituo. Unavipitia kwa mpangilio wake, lakini njia ya kutoka kimoja hadi kingine unaichagua mwenyewe, kwa sababu huko nje hakuna mishale wala utepe wa kukuongoza. Ukiona pameandikwa 5-42, maana yake hicho ni kituo chako cha 5, na kibendera utakachokikuta pale kina namba 42.

Wanaotoka kwenye orientiringi ya miguu wamezoea kituo kilichojificha nyuma ya jabali au ndani ya bonde. Kwenye baiskeli tusifanye hivyo. Kituo kinakaa kando ya njia, peupe, mwendeshaji akione akiwa bado anakuja. Asipoteze hata sekunde moja kukitafuta. Ugumu tumeuhamisha: umetoka kwenye kupekua kichaka na kwenda kwenye kuchagua njia huku ukiwa kwenye mwendo.

Mbio za miguu zina umri mkubwa. Mashindano ya kwanza ya wazi yalifanyika Norway mwaka 1897, na shirikisho la kimataifa, IOF, likaundwa Copenhagen mwaka 1961. Baiskeli walichelewa. Ubingwa wa dunia wa kwanza ulikuwa mwaka 2002 huko Fontainebleau, Ufaransa, na wa pili mwaka 2004 nchini Australia. Kwa hiyo tunazungumzia mchezo ambao bado ni kijana, na kwa maoni yangu uhai wake uko kwenye mbio ndogo za mwisho wa wiki, ambapo watu 40 wanafika, wanaendesha, halafu wanabishana juu ya ramani mpaka jioni.

Sasa tuje kwenye ramani, na hapa nitakaa kidogo.

Ramani ya kawaida inakuambia njia ipo. Ramani yetu inakuambia pia njia hiyo inaendesheka vipi. Kuna njia pana, zaidi ya mita moja na nusu, na kuna vijia vyembamba. Kila aina inagawanywa katika madaraja manne: ya kasi, ya wastani, ya polepole na ngumu. Ya kasi huchorwa kwa mstari usiokatika, na kadiri ugumu unavyoongezeka mstari unazidi kukatikakatika mpaka unabaki nukta. Njia ya kasi inakupa asilimia 75 hadi 100 ya mwendo wako wa kawaida, ya wastani 50 hadi 75, ya polepole 25 hadi 50. Njia ngumu iko chini ya hapo, na mara nyingi utashuka na kusukuma.

Tuchukue mfano. Uko kituo cha 4 unakwenda cha 5. Kushoto kuna njia pana ya kasi inayozunguka kilima, kilomita 2. Kulia kuna kijia cha polepole kinachokata moja kwa moja, kilomita 1.4. Tuseme kwenye njia nzuri unakwenda kilomita 20 kwa saa. Kushoto utatumia dakika 6. Kulia, kwa asilimia 40 ya mwendo huo, unabaki na kilomita 8 kwa saa, yaani dakika 10 na nusu. Aliyekimbilia ufupi amepoteza zaidi ya dakika nne, wala hakuanguka, wala hakupotea, wala miguu yake haikuwa dhaifu.

Lakini angalieni upande wa pili wa hesabu hiyo. Mchoraji akikosea daraja moja tu, kijia kile kikawa kwa kweli ni cha wastani, kinachokupa asilimia 60, basi ni dakika 7. Tofauti imebaki dakika moja, na mwinuko mdogo tu upande wa kushoto unaweza kuifuta kabisa. Swali limegeuka. Yule aliyeiamini ramani ameadhibiwa kwa kuiamini, na hilo ndilo jambo ambalo mimi binafsi naliona baya kuliko mengine yote katika mchezo huu. Mvua ikinyesha, tutavumilia. Matokeo yakichelewa, tutasubiri. Ramani ikisema uongo, hakuna mbio tena. Kuna bahati nasibu.

Kwa hiyo daraja la njia halipangwi mezani. Linapangwa ukiwa juu ya tandiko. Pita kila njia kwa baiskeli, na ikiwezekana mtu mmoja azipime zote, maana "wastani" wa fundi aliyezoea mawe na mizizi si "wastani" wa anayeanza. Ukigawa eneo kati ya watu wawili, anzeni pamoja kwenye njia tatu nne za mfano mpaka mkubaliane. Pima katika hali ya ardhi mnayoitarajia siku ya mbio. Na kama usiku wa kuamkia siku hiyo mvua imeharibu njia fulani, litangazwe kwa sauti kabla ya kuanza, kila mtu asikie, na libandikwe pia palipo ramani.

Msiogope gharama. OpenStreetMap, ramani huria ya mtandaoni, inawapa mifupa ya kuanzia, mradi muandike kwenye ramani yenu kwamba data imetoka kwa wachangiaji wake. Kuchora mtatumia programu ya OpenOrienteering Mapper, ambayo ni ya bure na inafanya kazi hata kwenye simu za Android, kwa hiyo unarekebisha mstari ukiwa umesimama palepale. Kupanga vituo kuna Purple Pen, nayo ya bure. Ila mifupa ni mifupa. Njia ambayo hamjaipita kwa magurudumu yenu msiiache kwenye ramani.

Neno moja juu ya skeli. Kwenye 1:15 000, milimita moja ya karatasi ni mita 15 za ardhi. Mwendeshaji wa kilomita 25 kwa saa anakula karibu mita 7 kila sekunde, yaani milimita ile inaisha ndani ya sekunde mbili. Njia panda mbili zilizoachana mita 20 zinakuwa doa moja machoni pake. Kwa mbio fupi zenye njia nyingi nendeni 1:7 500 au 1:10 000. 1:15 000 na 1:20 000 ziacheni kwa masafa marefu. Na kijia ambacho hakitamfaa mtu yeyote, kifuteni tu kisizibe macho.

Kupanga vituo. Kosa linaloonekana mara nyingi kwa waandaaji wapya ni wingi. Kila njia panda inawekewa kituo, kwa nia njema, eti watu wasichoke kusubiri. Matokeo yake mwandaaji amejibu maswali yote yeye mwenyewe. Wekeni vituo vichache, na angalau hatua mbili ndefu, yaani safari za kutoka kituo hadi kituo, ambazo zina njia mbili au tatu zinazokaribiana kwa muda. Ukitazama hatua ukaona jibu papo hapo, bado haijaiva.

Halafu mtazame trafiki. Baiskeli si miguu. Wawili wakikutana uso kwa uso kwenye kijia chembamba, wataumizana. Epukeni kituo ambacho mtu anaingia na kutokea njia ileile. Msiweke kituo chini ya mteremko mkali wala kwenye kona isiyoonyesha mbele. Barabara ya magari ivukwe mahali pamoja tu, penye kuonekana pande zote, na kwingineko ifungwe kwa alama ya zambarau kwenye ramani.

Kama hizi ni mbio zenu za kwanza kabisa, ushauri wangu ni mbio za pointi. Vituo vinatawanywa eneo zima, kila kimoja kina thamani yake, muda ni mmoja kwa wote, tuseme dakika 90, na kila dakika ya kuchelewa inakata pointi. Mnachapa ramani ya aina moja. Watu wote wanaanza pamoja kwa sababu watatawanyika wenyewe. Mzazi na mtoto wake wanachukua vituo sita vya karibu, bingwa anapigania vyote, na wote wanarudi karibu wakati mmoja. Swali hapa linakuwa tamu zaidi: nikiache kipi? Adhabu ya kuchelewa iwe inauma lakini, la sivyo hakuna atakayerudi kwa wakati.

Vifaa vichache vinatosha. Kibendera ni mraba wa sentimita 30, rangi ya chungwa na nyeupe. Namba za vituo zinaanzia 31, zisichanganywe na mpangilio wa vituo, na tunaruka 66, 68, 86, 89, 98 na 99, kwa sababu zikigeuzwa juu chini zinasomeka namba nyingine au zinamchanganya mtu. Chipu zinazosoma bila kugusa, kama zile za kampuni ya SPORTident, zinafaa sana baiskeli, maana mtu hasimami. Zisipopatikana, kadi ya karatasi na kitoboleo cha pini vinafanya kazi ileile, na msimu wa kwanza wala hamtaona upungufu.

Ruhusa iombwe mapema kwa mwenye eneo, na aulizwe nani mwingine atakuwepo siku hiyo. Mtembea kwa miguu anapishwa daima. Usalama una mambo mengi, nitasisitiza moja tu: hesabu. Kila aliyeanza lazima apite mstari wa mwisho, hata kama alikata tamaa kituo cha pili na gari lake liko karibu. Pawepo orodha ya karatasi na mtu mmoja asiye na kazi nyingine ila hiyo. Saa ya kufunga ichapwe kwenye ramani pamoja na namba ya simu ya mwandaaji. Anayeondoka kimya kimya anawaacha wenzake wakimtafuta porini gizani.

Nigeukie wanaoendesha. Mtahitaji kibao cha ramani kinachofungwa kwenye hendeli, na kiwe kinazunguka, ili ramani ielekee mnakokwenda. Helmeti haina mjadala. Chukueni mpira wa akiba, pampu na kifaa cha kuungia cheni. Baiskeli hamwachani nayo: ikikataa, isukume au ibebe, lakini usiilaze kando ukakimbilia kituo. Na kukata kwa nje ya njia ni marufuku isipokuwa mwandaaji ameruhusu. Majani yanaumia, na aliyefuata sheria anadhulumiwa.

Ustadi wenyewe uko kwenye kusoma mbele. Kwenye njia pana, nyepesi, ndipo unaposoma hatua inayofuata yote, huku miguu ikiendelea. Kwenye mteremko wenye mawe macho yabaki ardhini. Kabla hujakigusa kituo uwe umeshajua unatokea upande gani. Ukishachagua, geuza njia iwe maneno machache: kushoto ya pili, vuka kijito, kulia, kituo. Yaseme kimoyomoyo ukiyafuta moja moja. Hapo huhitaji kutazama ramani kila baada ya pumzi mbili, na njia panda inapokuja unaipita bila kugusa breki. Mwanafunzi wa mchezo huu anatambulika kwa breki: anafika, anasimama, anainama juu ya ramani, anaanza upya kwa gia nzito.

Ukipata shaka, simama. Kwa kilomita 20 kwa saa, dakika moja ya kuendelea "tuone tu" ni zaidi ya mita 330 za kurudi nyuma.

Mbio zikiisha, msikimbilie kufungasha. Toeni kalamu, kila mtu achore njia aliyopita, mlinganishe muda wa kila hatua. Aliyeshika nafasi ya mwisho huenda ndiye aliyejibu vizuri hatua ya 4 kuliko wote, na ni haki yake ajue. Mwandaaji naye akae hapo na daftari, aandike kila malalamiko ya ramani: kijia kilichozibwa na mti, njia iliyopewa daraja la juu kuliko inavyostahili. Wiki ileile yarekebishwe, kabla hayajasahaulika. Na mbio zinazofuata apange mwingine, hasa mmoja wa wale wenye kasi ambao hawajawahi kupanga. Ataendesha tofauti baada ya hapo.

Nimeacha ramani mbili pale mezani na kalamu nyekundu. Karibuni maswali.