Mzee Mmoja, Watu Watatu

Mwanaidi: Haya, karibuni tena. Leo Baraka amenisumbua tangu asubuhi na habari za maiti.

Baraka: Maiti ya kuungaunga, dada! Hiyo si habari ya kila siku.

Mwanaidi: Waeleze watu kwanza tuko wapi.

Baraka: South Uist, kisiwa cha magharibi mwa Uskoti. Ukitoka kijiji cha Daliburgh kuelekea baharini, unakuta tambarare ya mchanga uliojaa makombe yaliyosagika, nyasi zimeota juu. Wenyewe huiita machair. Mahali penyewe ni Cladh Hallan, jirani na makaburi ambayo wanakijiji wanayatumia hadi sasa. Timu ya mwanaakiolojia Mike Parker Pearson, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Sheffield, ilifukua hapo nyumba za duara za Enzi ya Shaba, zimeegemeana ukuta kwa ukuta.

Mwanaidi: Kama vyumba vya kupanga.

Baraka: Kabisa! Ila chini ya sakafu kuna watu. Mwanamume mmoja alikuwa amekunjwa, magoti kifuani, amebanwa kama mzigo uliofungwa kamba. Sasa sikiliza: alikufa karibu 1600 KK, akazikwa karibu 1100 KK.

Mwanaidi: Rudia hapo. Alikaa wapi miaka 500?

Baraka: Juu ya ardhi. Walimkausha.

Mwanaidi: Mumiani! Bibi yangu angefunga mlango. Sisi tukichelewa kurudi jioni tulikuwa tunatishwa na huyo huyo, kumbe neno lenyewe lina undugu na hizi maiti zilizokaushwa.

Baraka: Hawa hawanyonyi damu, usihofu. Inaonekana walimlaza kwanza kwenye kinamasi, ule udongo mweusi ambao watu wa huko wanaukata kama matofali, wanaukausha na kuuchoma jikoni.

Mwanaidi: Hata Burundi wanauchimba.

Baraka: Ndiyo huo. Una asidi, bakteria hawafanyi kazi, nyama haiozi. Lakini ukimwacha humo muda mrefu mno, asidi inakula na mifupa. Kwa hiyo walijua siku ya kumtoa. Mifupa ina dalili za asidi juu juu tu, ndani haikufika.

Mwanaidi: Na huko kuungwaungwa?

Baraka: Kichwa na shingo ni vya mtu mmoja, taya la chini la mwingine, kiwiliwili cha wa tatu. Mwanamke aliyefukiwa hapo naye hivyo hivyo. Kwake walipima DNA ya taya, ya mkono na ya paja, wakakuta si za mtu mmoja, wala watu hao hawakuzaliwa tumbo moja. Halafu mwanamke huyo viganjani ameshikishwa meno mawili ya mbele, moja kila mkono.

Mwanaidi: Subhanallah. Labda kilianguka kipande, wakaokota cha jirani.

Baraka: Na mwanamke pia kikaanguka? Parker Pearson anaona huenda walikuwa wanaunganisha koo: mababu wa huku na wa kule wanakuwa mwili mmoja.

Mwanaidi: Hapo nakubali, na mimi ningeongeza shamba. Kwa shemeji zangu Bukoba, babu amezikwa kwenye kibanja, migombani nyuma ya nyumba. Njoo na makaratasi yako useme ardhi ni yako, utaonyeshwa kaburi. Sasa koo mbili zikigombea kiwanja kimoja, utafanyaje? Unashona mababu!

Baraka: Ardhi hata Parker Pearson ameigusia, ila huo ugomvi wa kiwanja ni wako.

Mwanaidi: Acha uwe wangu. Na waliojenga juu ya maiti hizo walilala usingizi kweli?

Baraka: Walilala, wakapika, wakazaa. Milango inatazama mashariki, moto wa kupikia upande wa kusini-mashariki, malazi kaskazini. Mojawapo ya nyumba zile watu waliishi humo vizazi na vizazi. Misingi bado ipo, unaweza kwenda ukasimama katikati yake.

Mwanaidi: Nitasimama mlangoni.