Acheni Kuishindilia Risasi Pua ya Tiger Moth

Mabibi na mabwana, mafundi wenzangu,

Nimekuja na jambo lile lile, na nitalisema tena maadamu bado zinafika uwanjani ndege za mfano za mabawa mawili zilizobeba puani kilo nzima ya risasi, ile metali nzito ya kusawazishia. Kugundisha mbavu za bawa mnajua. Kupiga pasi kitambaa mnajua. Hayo nayaacha. Leo ni mizani tu ya Tiger Moth ya robo, yaani robo ya vipimo vya ndege halisi ya kampuni ya De Havilland: mita 2.23 ncha hadi ncha, injini ya petroli ya cc 30 na kitu, uzito wa kilo 8 hadi 9.

Umbo la ndege hii lenyewe ni somo la mizani. Ile halisi ilirushwa mara ya kwanza mwaka 1931. Katika ndege za Moth zilizotangulia, mtu wa kiti cha mbele alikuwa amezungukwa na bawa la juu na nguzo zake. Akitaka kuruka na parachuti, anakwama. De Havilland wakalisogeza bawa mbele apate upenyo. Sasa, bawa likienda mbele, nguvu ya kuinua nayo imekwenda mbele, na mkia unakuwa mzito. Wao hawakutia risasi. Waliyalaza mabawa kuelekea nyuma, ncha zikarudi, na mizani ikarudi mahali pake.

Kulala huko ndiko kunakowapoteza watu. Fundi anachukua rula, anapima kutoka ukingo wa mbele wa bawa la juu pale katikati, kwa sababu ndipo mkono unapofika kwa urahisi. Tuseme bawa lina upana wa sentimita 33 kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma, na la juu limelitangulia la chini kwa sentimita 15. Nusu ya 15 ni 7.5. Robo ya 33 ni 8 na kidogo. Jumla sentimita 15.8, anaweka alama. Hesabu ni safi, lakini mahali alipoanzia si penyewe! Mabawa yakiwa yamelala digrii 9, ukienda nusu mita kutoka shina la bawa, pale linapoungana na mwili, ukingo umesharudi nyuma sentimita 8. Bawa zima linafanya kazi kana kwamba lipo hapo, si pale katikati. Kwa hiyo alama yake imekaa sentimita 8 mbele mno, na ili kuifikia, ndege ya kilo 8.4 itadai kilo 2 au zaidi za risasi. Kilo 2! Halafu inatua kwa kasi, inajikwaa kwenye nyasi, inapiga pua, na lawama inabebeshwa magurudumu.

Tupa rula. Tumia timazi. Inua mkia mpaka mwili wa ndege ulale sawa kwa pima maji. Ning'iniza timazi ukingo wa mbele wa bawa la juu, katikati kati ya shina na ncha, kushoto na kulia. Weka alama sakafuni, unganisha kwa chaki. Fanya vivyo hivyo kwa bawa la chini. Sasa una mistari miwili. Piga wa tatu katikati yao, kisha rudi nyuma robo ya upana wa bawa. Hapo ndipo kitovu cha uzito kinapotakiwa kwa mruko wa kwanza. Wapo wanaoanza na asilimia 30. Mimi nasema robo, kwa sababu bawa la juu hufanya kazi zaidi ya la chini, na la juu ndilo lililo mbele.

Kujua kilipo sasa, usiinue ndege kwa vidole. Chukua mizani tatu: mbili chini ya magurudumu, moja chini ya mkia, mwili ukiwa bado sawa kwa pima maji na tangi likiwa tupu. Tangi liko mbele. Petroli ikiisha uzito unarudi nyuma, kwa hiyo ukipima na tangi lililojaa umejidanganya. Zidisha uzito wa mkia kwa umbali kutoka ekseli hadi mkiani, gawanya kwa uzito wote. Mkia ukisoma gramu 700, umbali milimita 1,320, uzito wote gramu 8,400, unapata 110. Kitovu kipo milimita 110 nyuma ya ekseli. Tuseme chaki inasema 95. Umepitiliza milimita 15.

Hapa ndipo watu wanapokimbilia duka la vifaa vya uvuvi kununua risasi. Ngoja kwanza. Mmemwona mtu aliyebeba mzegazega wenye ncha moja fupi na nyingine ndefu? Ndege hii ndivyo ilivyo. Mkia uko mita 1.2 nyuma ya kitovu, ukuta unaoshikilia injini uko sentimita 35 mbele. Gramu 100 mkiani zinadai gramu 340 puani. Kwa milimita zetu 15 utatia gramu 360 za risasi. Au utang'oa sevo mbili, zile mota ndogo za kuvuta usukani, za gramu 60 kila moja, zilizofungwa mkiani na kuzileta mita 1.05 mbele, chini ya sakafu ya kiti cha mbele. Zidisheni wenyewe: gramu 120 kwa milimita 1,050 ni 126,000, gawanya kwa 8,400. Kumi na tano kamili, na ndege haijaongezeka kitu ila uzito wa waya.

Mtaniambia, "Mwalimu, seti ilikuja na nafasi za sevo mkiani." Nafasi si amri. Ziba kwa ubao mwembamba wa balsa, vuta usukani kwa waya pande mbili, kama Tiger Moth yenyewe. Lakini tundu za mkono wa sevo ziachane sawasawa na tundu za pembe ya usukani, kile kijiti kinachotokeza ili kufungiwa waya, na tundu hizo ziwe mstari mmoja na bawaba. La sivyo usukani ukipinda, waya mmoja unalegea na mwingine unakaza. Usikaze kama gitaa: sevo inayovuma ikiwa imetulia inakula betri.

Mtaniambia tena, "Afadhali pua nzito kuliko mkia mzito." Kweli, mkia mzito ni hatari zaidi. Lakini hakuna aliyewalazimisha kuchagua kati ya hayo mawili! Ondoeni epoksi iliyomwagwa mkiani, gurudumu zito la nyuma, koti la pili la rangi. Kisha pelekeni betri mbele, ubavuni mwa injini, juu ya sponji. Betri ya kuwasha plagi iwe peke yake, mbali na risiva inayopokea mawimbi ya rimoti.

Naona natazamwa kwa saa, kwa hiyo mengine haraka. Pembe za kukaa za bawa la juu na la chini zisiachane kwa zaidi ya nusu digrii. Pimeni kila upande, kabla na baada ya kukaza nyaya, maana nyaya zikikazwa ovyo hupinda bawa. Eileroni, vile vibao vya ukingo wa nyuma vya kuinamisha ndege kushoto na kulia, ziko bawa la chini tu: zipande milimita 20, zishuke 5, la sivyo pua itageukia upande usioutaka. Tundu la kutolea hewa ya kupoza injini liwe mara mbili au tatu ya la kuingizia. Habari ya kabureta tutaiacha.

Ile pale ni Tiger Moth, na mizani tatu ziko sakafuni. Wewe na wewe, shikeni mkia mpaka povu la pima maji litulie katikati. Nani ana chaki?