Milango Miwili ya Ghala

Ndugu zangu, ghala lolote lina milango miwili, hata kama jengo lenyewe lina mmoja. Wa kwanza hupokea malighafi, vipuri na bidhaa kutoka kwa wazabuni. Wa pili hutoa oda za wateja. Michael Porter, profesa wa biashara wa Chuo Kikuu cha Harvard, alipoeleza mwaka 1985 mnyororo wa thamani, yaani hatua zinazoongeza thamani ya bidhaa hadi imfikie mteja, alizitaja kazi hizi kama shughuli mbili, uzalishaji ukiwa katikati. Sawa kabisa. Kosa ni letu, tulioziwekea mameneja wawili wasiosemezana.

Oda ikichelewa, anayekaripiwa ni mtu wa usambazaji, kwani simu ya mteja hulia mezani kwake. Naomba turudi naye hadi mlango wa kwanza. Lori limeingia, dereva ana haraka. Mpokeaji analinganisha oda ya ununuzi na hati ya mzigo, anahesabu katoni zinazoonekana pembeni mwa paleti, anazidisha, anapata 50, anatia saini. Hakupanda juu. Safu ya juu ina pengo katikati. Katoni 2 hazipo. Wiki tatu baadaye mteja ameshaahidiwa 50, na kijana anayekusanya oda amesimama mbele ya rafu yenye 48, huku kompyuta ikisisitiza 50. Kijana huyo ndiye atakayeandikiwa barua ya onyo. Jambo hili linaniuma.

Pengo linaweza kuwa kubwa zaidi ya hilo. Tarehe 1 Februari 1997 kiwanda cha Aisin, huko Japani, kiliungua. Kilitengeneza vali ndogo ya breki za magari ya Toyota, na Toyota, kwa mtindo wake wa kupokea vipuri vinapohitajika tu, haikuwa na akiba ya maana. Ndani ya siku chache karibu viwanda vyake vyote nchini humo vilisimama. Magari hayakutoka kwa sababu vali haikuingia.

Dawa ninayoiamini ni ratiba moja kwa milango yote miwili. Mtu wa usambazaji akijua mzigo gani unashuka saa ngapi, mzigo mwingine hauna haja ya kupandishwa rafuni: unashushwa lori hili, unapakiwa lile, siku hiyo hiyo. Halafu kuna safari ya kurudi, ambayo wengi hatuihesabu. Lori letu limeshamfikishia mteja mzigo, linarudi tupu, linapita mbele ya geti la mzabuni. Ndani ya geti hilo, lori la kukodi linapakia mzigo wetu.