Kiwanja cha Jua pale Nzuguni

REHEMA: Shikamoo, mwalimu.

YONA: Marahaba. Wasikilizaji, mada yetu leo ni kwa nini sayari zina njia za karibu duara. Rehema, naona vumbi la Nzuguni bado liko kwenye viatu. Leo kuna jambo.

REHEMA: Lipo. Jumamosi mtoto wa dada kaniletea daftari. "Mama mdogo, nimechora njia ya Dunia kulizunguka Jua." Natazama, yai! Tena yai refu, Jua limebanwa huko pembeni. Nikamwambia twende uwanjani tuichore kwa vipimo vyake. Tukabeba vigingi, kamba na futi ya fundi.

YONA: Kamba na vigingi, Dodoma hii?

REHEMA: Subiri. Kamba ni mita 10, ncha moja unafunga kigingi hiki, ncha nyingine kile. Unaikaza kwa kijiti, unazunguka huku kijiti kinachora chini. Kwa njia ya Dunia, vigingi vinaachana sentimita 17 hivi. Hatujafika nusu, baba mmoja kasimamisha bodaboda. "Dada, hivi viwanja bei gani?"

YONA: (anacheka) Angeachaje kuuliza! Tangu Serikali ihamie huku, mtu akiona kamba imenyooka anaulizia hati.

REHEMA: Nikamwambia, baba, hii ni njia ya Dunia. Akasema sawa, na kiwanja cha kona je?

YONA: Njia ya Dunia haina kona!

REHEMA: Ndivyo nilivyomjibu. Akashuka, tukampa ashike futi. Upande mrefu mita 10. Upande mfupi, kihesabu, unapungua milimita 1.4 tu, na mchoro wa kijiti mchangani ni mnene kuliko hapo. Akapima huku, akapima kule, akasema, "Hili ni duara."

YONA: Na Jua mliliweka wapi?

REHEMA: Kwenye kigingi kimoja, sentimita 8 na kidogo kutoka katikati. Hilo unaliona bila futi! Mimi ndilo linalonifurahisha: kubonyea kwa njia huwezi kukuona, lakini Jua kutokuwa katikati unakuona. Ndiyo maana mapema Januari tuko kama kilomita milioni 147 kutoka kwenye Jua, na mapema Julai, kama sasa, milioni 152.

YONA: Kigingi cha pili kina nini?

REHEMA: Hakina kitu.

YONA: Kiwanja kitupu, jirani na Jua, kimeshapimwa, hakijajengwa! Na yule baba hakukiulizia?

REHEMA: Alikiulizia! Anataka kujua kama maji yamefika.

YONA: Kwa joto la pale, maji hayakai.

REHEMA: Basi wakakusanyika. Mama mmoja akaniomba nimwandikie jina. Tukahamia njia ya sayari ya Mirihi, vigingi tukaviachanisha sentimita 93. Upande mfupi ukapungua sentimita 4 na nusu hivi. Yule baba akasema, "Hapa mmenipunja, bei ishuke."

YONA: Huyo anafaa kuwa mpimaji. Sentimita 4 katika mita 10, kaziona!

REHEMA: Kwa futi, siyo kwa macho. Sayari ya Zebaki ndiyo iliyowatosha. Vigingi vinaachana mita 2 na kidogo, upande mfupi unapungua sentimita 21. Na hapo bado ukisimama mbali unaapa ni duara.

YONA: Mirihi ndiyo iliyomtesa Kepler, yule mtaalamu wa nyota. Alikuwa na vipimo vya angani vya mtaalamu mwenzake, Tycho Brahe, vilivyochukuliwa kwa macho bila darubini. Hesabu zake za duara zikapishana navyo kwa dakika 8 za nyuzi, kama robo ya upana wa Mwezi. Mwingine angesema hayo ni makosa ya mpimaji. Yeye akamwamini mpimaji, akaliacha duara, na mwaka 1609 akachapisha kwamba njia ya Mirihi ni duaradufu, yaani duara lililobonyea, kama lile la kamba na vigingi viwili.

REHEMA: Namheshimu sana kwa hilo.

YONA: Sasa nikuulize. Miaka yote niliyofundisha nilichora yai ubaoni, na kesho ningelichora tena. Ukichora njia halisi, mtoto anaona duara. Utamwonyeshaje vigingi viwili? Utamwonyeshaje sayari ikikimbia karibu na Jua na kupunguza mwendo ikiwa mbali?

REHEMA: Lile yai linaharibu jambo lingine. Yule mtoto wa dada kaniambia, "Ndiyo maana Julai Dodoma kuna baridi, tuko mbali na Jua." Na kwetu mtego ni mbaya zaidi kwa sababu miezi inaoana! Lakini Julai hiyohiyo Cairo wanaungua, na wako kwenye Dunia hiihii. Umbali unabadilisha mwanga kwa asilimia 7 hivi. Kinachotuletea baridi ya Julai ni mwinamo wa mhimili wa Dunia: Jua la mchana limeegemea kaskazini.

YONA: Basi fundisha mwinamo pembeni ya yai. Andika chini, "mchoro umetiwa chumvi."

REHEMA: Maneno ya chini ya mchoro hakuna anayeyakumbuka. Jicho linabeba yai mpaka uzeeni.

YONA: Na duara lako litabeba nini? Atasema Kepler alihangaikia nini.

REHEMA: Mpeleke uwanjani ashike kamba.

YONA: Darasa zima, upepo wa Julai, kipindi dakika 40?

REHEMA: Hata mara moja kwa mwaka.

YONA: Sikubali, Rehema. Mchoro wa ubaoni ni wa kuonyesha jambo, siyo ramani.

REHEMA: Nami sikubali. Mtoto anauchukua kama ramani.

YONA: Fundi mitambo ananionyesha vidole viwili. Na nyotamkia ya Halley hatujaigusa.

REHEMA: Wala kwa nini sayari zina njia za karibu duara. Hiyo ndiyo ilikuwa mada yenyewe!

YONA: Nyotamkia ile inapita ndani ya njia ya Zuhura, inakwenda kugeukia ng'ambo ya Neptuni. Hapo utalikubali yai?

REHEMA: Kwa Halley nalichora mwenyewe. Kwa Dunia, hapana.

YONA: Kwa Dunia nalichora mimi. Muda umekwisha, wasikilizaji. Kwaherini.