Manowari Petard na vijana walioondoka Kilindini

Shikamooni wazee wangu. Na nyinyi wengine, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie manowari zilizosindikiza misafara ya meli wakati wa Vita Kuu ya Pili. Zilikuwa nyingi. Leo nitaeleza moja tu, Petard ya Uingereza, kwa sababu habari zake zinafika mpaka hapa Kilindini.

Petard ilishushwa majini mwaka 1941, ikaanza kazi mwaka uliofuata. Urefu wake ulikuwa mita 105 hivi, nyembamba, yenye mbio. Kazi yake ilikuwa kuzizunguka meli za mizigo na za askari na kusaka nyambizi. Ilikuwa na chombo cha kupeleka sauti chini ya maji; sauti ikigonga chuma hurudi, na msikilizaji akajua adui yuko upande gani na umbali gani. Hapo humwagwa mabomu ya mapipa, yaliyotegwa yalipuke yakifika kina fulani. Pipa si lazima liiguse nyambizi. Maji yenyewe hubeba kishindo na kuibana mpaka ipasuke. Naomba mlikumbuke hilo.

Usiku wa tarehe 30 Oktoba 1942, nje ya pwani ya Misri, Petard na wenzake waliilazimisha nyambizi ya Kijerumani U-559 iibuke baada ya kuisaka kwa saa nyingi. Wajerumani waliikimbia ikiwa inajaa maji. Luteni Anthony Fasson na baharia Colin Grazier waliogelea wakaingia ndani, gizani, wakaanza kutoa vitabu vya siri. Tommy Brown, mhudumu wa kantini mwenye miaka 16, alivipokea ngazini na kuvipitisha juu. Ghafla nyambizi ikazama. Brown aliruka akapona. Fasson na Grazier hawakutoka tena. Vitabu vile vilipelekwa Bletchley Park, kituo cha Uingereza cha kufumbua ujumbe wa siri wa adui, na mwezi Desemba Waingereza wakaanza tena kusoma ujumbe wa nyambizi za Atlantiki, baada ya miezi kumi ya giza.

Habari hiyo inasimuliwa duniani kote, na inastahili. Hii ya pili ni yetu.

Mwanzoni mwa Februari 1944, meli ya askari Khedive Ismail iling'oa nanga hapa Mombasa kuelekea Colombo, katika msafara wa meli 5. Ilibeba watu zaidi ya 1,500. Karibu elfu moja kati yao walikuwa wa Kikosi cha 301 cha Mizinga cha Afrika Mashariki. Walikuwemo pia wauguzi wanawake. Alasiri ya tarehe 12, karibu na Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topedo mbili, yaani makombora yanayojiendesha chini ya maji. Meli ilizama kwa dakika mbili hivi. Aliyekuwa sitaha za chini, atatoka vipi?

Walioweza kuruka walibaki wakielea, na I-27 ilikuwa chini, karibu nao. Petard ikamwaga mapipa. Kishindo kile kinachopasua chuma kiliwapita watu majini, kikawaharibu mapafu na matumbo. Nyambizi ilipoibuka, Paladin, manowari nyingine iliyosindikiza msafara ule, ilitaka kuigonga, ikachanika ubavu. Mizinga ya Petard haikuitoboa. Ilibidi ifyatue topedo moja baada ya nyingine, na ya saba ndiyo iliyoimaliza. Kati ya watu wote wa Khedive Ismail walipona 214 tu.

Je, nahodha wa Petard alikosea? Mimi simhukumu. Mbele yake zilikuwepo meli nyingine 4 zilizojaa watu. Ninaowalaumu ni waliopanga safari ile: meli 5 za askari, walinzi 3, mmoja wao mkongwe wa tangu Vita ya Kwanza, katika bahari ambamo I-27 yenyewe ilikuwa imeshazamisha meli nyingi. Damu ya vijana wetu ilihesabiwa rahisi, na inaniuma kila ninapoyasoma haya.

Petard ilivunjwa chuma chakavu mwaka 1967. Majina ya vijana wa 301 yamo kwenye Mnara wa Kumbukumbu wa Afrika Mashariki, ndani ya makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, Nairobi. Kama babu yako alipanda meli Mombasa mwaka ule na nyumbani hakurudi, nione kabla hujaondoka, uniandikie jina lake na la baba yake, tumtafute katika orodha.