Kushusha Paa la Hospitali Huku Wagonjwa Wako Ndani

Mabibi na mabwana, nianze na neno "zege", maana hapa linatupotosha. Zege tulilolizoea lina kokoto. Hili liitwalo RAAC, kifupi cha Kiingereza cha zege lenye hewa na nondo lililoivishwa kwa mvuke, lililoezekea hospitali nyingi za Uingereza kuanzia miaka ya 1950, halina kokoto hata moja. Ni saruji, chokaa, mchanga uliosagwa na unga wa alumini unaoliumua kama hamira, kisha huivishwa kwa mvuke. Limejaa vitundu, ndiyo maana ni jepesi. Ndiyo maana pia linakunywa maji.

Paa likivuja, slabu, yaani vile vipande bapa vya zege hili, huongezeka uzito na nondo za chuma zilizo ndani hushika kutu. Kinachonitisha zaidi ni ncha zake: zikiwa zimeegemea ukuta kidogo mno, slabu inaweza kukatika ghafla bila ufa wa kuonya. Mwaka 2018 paa la shule moja ya msingi huko Kent lilianguka hivyo. Bahati, ilikuwa mwisho wa juma.

Sasa, kwa nini wasibomoe tu? Kwa sababu chini kuna wodi. Pale King's Lynn, mji wa mashariki mwa Uingereza, hospitali ya Queen Elizabeth imesimamisha maelfu ya nguzo za chuma na mbao kushikilia dari, na wauguzi wanapitisha vitanda katikati yake. Nguzo zinanunua muda tu.

Kushusha slabu ndiyo sehemu fupi ya kazi: unaiegemeza, unaikata, unaiteremsha moja moja, na hakuna anayekanyaga juu yake. Muda mwingi huliwa na maandalizi. Wodi huhamishwa. Mabomba ya oksijeni na nyaya, ambazo mara nyingi zimening'inizwa kwenye slabu hiyohiyo, hutafutiwa njia nyingine. Asbesto, zile nyuzi za madini zinazodhuru mapafu, hukaguliwa kwanza. Majengo ya umri ule huwa nayo.

Halafu vumbi. Ubomoaji hurusha mbegu za kuvu aina ya Aspergillus. Mimi na wewe tutapiga chafya, basi. Mgonjwa aliyepandikizwa uboho anaweza kufa. Kwa hiyo eneo huzibwa kuanzia sakafu hadi juu, na hewa hufyonzwa kupitia vichujio ili msukumo wake ndani uwe mdogo kuliko wa ukumbini. Mlango ukifunguliwa, hewa iingie, isitoke. Tofauti hiyo ya msukumo ikipungua, kwa maoni yangu muuguzi mkuu wa wodi jirani awe na mamlaka ya kusimamisha kazi papo hapo, bila kumsubiri mhandisi.

Hospitali saba zilizojengwa karibu zote kwa RAAC, serikali iliamua zijengwe upya. Zilizobaki zimepewa hadi 2035 kuliondoa.